Mfuo Chini ya Vigae

Mjomba Sefu alifariki Jumatano alfajiri, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimeshapigiwa simu, si ya kupewa pole bali ya kuombwa ufunguo. Aliyepiga ni Bakari, mwanawe wa mwisho. "Dada Mwanaisha," alisema, "mzee ameusia aoshwe nyumbani kwa Nyanya, chumba cha ndani. Tuletee ufunguo, tafadhali." Nilikuwa jikoni kwangu Ganjoni, chai haijachemka, mvua inapiga madirisha tangu usiku. Nikakaa kitini. Mtu akifiwa na mjomba wake hulia. Mimi kwanza nilicheka, kisha nikapandwa na hasira. Kati ya vyumba vyote vilivyoko katika kisiwa hiki, Mjomba Sefu alikuwa amekitaka kile. Nikamwambia Bakari nakuja, nikazima jiko, nikajifunga buibui, na chai nikaiacha ilipo.

Chumba chenyewe kiko nyuma kabisa ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, upande unaoelekea Bondeni. Hakina dirisha ila tundu la hewa karibu na dari. Nyumba nzima ilipotiwa sakafu ya saruji, zamani, kabla sijazaliwa, Nyanya yangu alisimama katikati ya chumba hicho na kumkataza fundi asifike pembeni. Pakaachwa mahali wazi, upana wa kitanda, pa mchanga mtupu, pakafunikwa mkeka. Ndipo palipochimbwa mfuo, yaani shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti, kila alipofariki mtu wa nyumba ile. Kitanda cha kamba huwekwa juu ya shimo, maiti hulazwa, maji humiminwa kwa kata, na yakishapita mwilini huzama katika udongo wa nyumba aliyoishi marehemu. Hayatoki nje, hayakanyagwi, hayaonekani tena. Babu alioshwa pale, na wazazi wake kabla yake. Nyanya alikuwa akiukunjua mkeka na kutuonyesha sisi watoto, bila huzuni hata kidogo, namna mtu anavyokuonyesha kiti chake. "Hapa ndipo pangu," alikuwa akisema. "Nyumba hii nimeila chumvi yake, na mwisho nitairudishia maji yake." Hakutaka kitu kingine chochote duniani. Hakuwahi kuomba dhahabu wala safari. Aliomba mchanga ule, na hakuupata, na aliyemkosesha ni mwanawe wa kumzaa.

Siku hizi kila mtu anajua kuzungumzia mvua. Juzi nilialikwa kwenye mkutano ukumbini, kijana mmoja mwenye suti akatueleza juu ya mabadiliko ya tabianchi, bahari kupata joto, vuli kugeuka masika na masika kutokuja kabisa. Sikatai. Mimi mwenyewe nimeziona mvua zikiharibika tabia. Lakini niliwatazama wazee wa mtaa waliokaa safu ya mbele wakitikisa vichwa kwa huzuni, wakikubali kila neno, na nikaona walivyokuwa wamepata raha. Mbingu ni mshitakiwa mzuri. Haina jirani, haina mwana atakayekununia, haialikwi kwenye harusi. Ukiisingizia kila kitu, hakuna atakayekuuliza ni nani aliyejenga ukuta. Nilitamani kusimama niseme kwamba mvua ile ya mwaka ule niliiona, ilikuwa kubwa, ilikuwa ya kutisha, lakini mvua haikumwaga zege. Sikusimama. Nimeamua kuandika, kwa kuwa nikisema napaza sauti, na nikipaza sauti wanasema Mwanaisha ana presha.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi ila kungoja matokeo na kumsaidia Mama kupika maandazi ya kuuza. Ulikuwa mwaka wa mvua zile ambazo redio ilizipa jina la kigeni, El Nino, jina tuliloliona la kuchekesha mpaka tulipoacha kucheka. Ulianza vizuri. Mbele ya nyumba yetu palikuwa na uwanja, tukiuita Uwanja wa Bi Rehema, kwa sababu mwanamke wa jina hilo, mjane asiye na mtoto, aliuweka wakf miaka mingi nyuma ili wanawake wa mtaa wapate mahali pa harusi zao. Kwa wasiojua, wakf ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, haiuzwi, hairithiwi. Ardhi yake ilikuwa imebonyea, kwani inasemekana ndipo palipochimbwa mawe ya nyumba za jirani. Maji ya mapaa ya nusu ya mtaa yalikuwa yakishuka kwa mtaro mpaka pale, yakituama kidogo, na kabla ya adhuhuri yamepotea. Jiwe letu la matumbawe limejaa matundu, halikatai maji. Mvua ikikatika, sisi watoto tulikuwa tukikimbilia mlangoni kutazama, na wa kwanza kuona mchanga alipiga kelele, "Uwanja umekunywa!" Hapakuwa na mtu mtaani, msomi au asiyesoma, asiyeijua kazi ya uwanja ule. Hilo ndilo linaloniunguza. Laiti wangekuwa wajinga, ningewasamehe.

Msimamizi wa wakf alikuwa Mjomba Sefu, kaka yake Mama, mtoto wa kwanza wa Nyanya. Alikuwa mtu wa sauti tamu, kanzu haina kunjo, ndevu zimechongwa, anayejua kuanza mazungumzo kwa kukuulizia hali ya watu wako wote mpaka ukasahau ulichomjia. Na aliyemjia yeye, kuununua uwanja, ni mtu tuliyemwita Tajiri. Jina lake nalijua na sitaliandika. Alipenda mno kutajwa. Tajiri hakuja na askari wala na mabati ya kuzungushia, kama walivyofanya wanyakuzi wa viwanja kwingineko nchini miaka hiyo. Angekuja hivyo tungempiga mawe. Alikuja na maulidi. Alileta wasomaji, akaleta turubai, akaleta biriani ya mbuzi kwa masufuria ambayo mwanamume mmoja hakuweza kuyainua, na akaomba jambo moja tu, kwamba mtaa usome Fatiha juu ya ardhi kabla ya kuchimbwa msingi, ili jengo lipate kheri. Alisema litakuwa na ukumbi wa kisasa wa harusi za wanawake, na maduka machache ya kulipia taa. Watu wakainua mikono. Nilikuwa dirishani juu, nawaona wote, mikono imefunguka, midomo inatembea. Wakaitikia amina. Sheria gani ingewasaidia baada ya hapo? Utakwendaje mahakamani kukishitaki kitu ulichokiombea dua mwenyewe? Ni sisi tu, watu wa adabu, tunaoweza kuibiwa namna ile na tukamshukuru mwizi kwa chakula.

Na tulikula. Sahani zilipitishwa nyumba kwa nyumba, yetu ikaja na fupa la mguu juu, harufu ya zafarani imejaa ngazi. Mama alikula, mimi nilikula, na ilikuwa tamu, sitadanganya. Nyanya alikaa kwenye kitanda chake cha baraza ya ndani, miguu haifiki chini, akaitazama sahani yake. Kisha akaifunika na kawa.

"Mwanaisha, irejeshe kwa mwenyewe."

"Nyanya, si utamvunjia Mjomba heshima?"

"Mwambie Sefu mamake asema hivi: siili biriani ya mtu aliyekuya kunizibia ndia ya maji. Na umwambie mbele za watu."

Nilivuka uwanja na sahani ile mikononi, katikati ya wanaume walioketi mikekani wakila, na kila niliyempita aliacha kula. Kumrudishia mtu chakula chake cha maulidi ni tusi ambalo sijaona likifanywa tena mtaani mpaka leo. Mjomba Sefu aliniona nikija na akaelewa kabla sijafungua mdomo. Tajiri alikuwa amekaa ubavuni mwake, mkono mmoja umejaa wali. Niliyasema maneno ya Nyanya kama alivyonituma, na njia ya maji nikaitaja. Tajiri akacheka. "Wazee wetu," alisema, "tuwavumilie." Mjomba akaipokea sahani, akaiweka mbele yake, akala kilichokuwemo, punje kwa punje, akinitazama. Sikumpenda tena tangu hapo.

Masika yalipoingia, mahali pa uwanja palikuwa na shimo la msingi lenye nondo, na mtaro wa zamani umezibwa kwa zege. Maji yalifika kizingitini kwetu kwa mara ya kwanza. Mama alikwenda kwa Mjomba akarudi na jibu kwamba ni ujenzi tu, ukimalizika watatengeza mtaro mpya. Ukumbi wa harusi haukuonekana kwenye jengo, uliopanda ni maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Walijaza kifusi, wakainua sakafu ya maduka juu ya usawa wa mtaa, ngazi kadhaa, ili maji yasimguse mteja. Yasimguse mteja! Yakishamkosa mteja yaende wapi? Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Kipindi cha kusi chote tulitazama ukuta ukipanda mpaka ukatuzibia upepo, na jioni Nyanya, aliyezoea kukaa dirishani, akawa anatazama tofali. Niliwasikia watu wakipita chini wakisifu. Jengo zuri, walisema, mtaa wetu umepata sura.

Mvua za vuli zilianza mapema na zikasahau kukoma. Mchana mmoja nilikuwa nafagia chumba cha ndani, nikaona mkeka unapumua. Sijui kusema vingine. Ulikuwa ukiinuka katikati na kushuka. Niliufunua, na mchanga wa Nyanya ulikuwa unachemka taratibu, maji yanatoka chini, safi kwanza, kisha ya rangi ya chai, kisha yakaanza kunuka choo. Nyumba yote ilikuwa na saruji isipokuwa pale, basi maji yaliyokosa uwanja wa kwenda yalipata mlango mmoja tu wa kuingilia. Nilipiga ukelele. Mama alikuja mbio na mikono ya unga. Tulileta magunia, tulileta mawe ya jikoni, tulikalia mbao juu yake, na maji yakatoka pembeni tu, bila haraka. Jioni yalikuwa yamefika vifundoni na yalikuwa yamekutana na yale ya mtaani sebuleni.

Tulimpandisha Nyanya ghorofani juu ya kiti, Mama mbele na mimi nyuma, naye akituelekeza kama tunabeba kabati. Huko juu ndiko tulikoishi. Makaa yalikuwa yamelowa, tukapika kwa stovu ya mafuta karibu na dirisha: chai ya tangawizi, mkate wa mofa alioturushia jirani kwa kikapu cha kamba kutoka roshani yake, na siku nyingine mbaazi bila mahamri. Bado ninaisikia harufu ya chumba kile, mafuta ya taa, nguo zisizokauka, na dawa ya kuchua kifua cha Nyanya. Chini mtaani watu walipita wakiwa wameinua kanzu na leso, na taa za maduka mapya ng'ambo zilikuwa zinawaka juu ya ngazi zake kavu. Kifua kilimbana Nyanya siku ile ile tuliyompandisha, na hakikumwachia. Kila nilipomletea uji aliuliza jambo moja. "Maji yameshuka?" Nikamwambia yanashuka, Nyanya. "Mtanga waonekana?" Nikamwambia mchanga bado kidogo. Alijua namdanganya. Siku moja alinishika mkono, vidole vyake vyepesi mno, akasema, "Nitaoshewa wapi, mwanangu?" Hakuuliza kwa kuogopa. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua sufuria imewekwa wapi.

Alifariki kabla ya chakula cha mchana, mvua inanyesha. Mjomba Sefu alikuja amekunja suruali, kanzu ameishika mkononi, na akalia kwelikweli, sitamnyima hilo. Alikuja pia Bi Aziza, mwosha wa wanawake wa mtaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwanamume, amebeba kitanda chake cha kamba kichwani na kifuko cha majani ya mkunazi na kafuri kifuani. Alishuka kutazama chumba cha ndani akarudi akitikisa kichwa. Ghorofani hapakufaa, sakafu ya boriti na chokaa ilikuwa imelowa, ingeporomoka. Tukasimama pale, sote, huku Nyanya amefunikwa shuka. Hapo Mjomba akafuta macho akatoa ufunguo mfukoni.

"Tajiri ametufadhili," alisema. "Duka la kona halijapangishwa. Pakavu, pana vigae, pana nafasi. Mungu amjaze kheri."

Mama alimtazama kaka yake. "Na mfuo?"

"Kuna bomba la kutolea maji ukutani. Latosha."

"Bomba latoka wapi?"

"Nje."

"Nje wapi, Sefu?"

"Nje, mtaani. Aisha, dadangu, wataka nifanye nini? Mfuo ni mila tu, dini haikutulazimisha mfuo."

"Na dini ilikwambia wakf huuzwa?"

Mama hakuwa mtu wa maneno. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimjibu kaka yake. Mjomba akaweka ufunguo juu ya meza ya chai, akashuka kuwaita vijana wa kubeba jeneza. Mama aliingoja miguu yake ifike chini. Kisha akanigeukia na kuniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mwanaisha, katwae mtaimbo nyuma ya mlango. Uukunje ndani ya mkeka."

Wanaume walimvusha Nyanya mtaani, maji ya magotini, jeneza juu ya mabega, na sisi nyuma yao, mimi na mkeka wangu begani. Ulikuwa mzito na nilijitahidi kutembea kama mtu aliyebeba mkeka. Walimwingiza dukani, wakatoka nje kama desturi ilivyo, na Bi Aziza akauvuta chini ule mlango wa bati wa kukunja, akautia komeo. Ndani palikuwa na mimi, Mama, Bi Aziza na Nyanya. Palikuwa pakavu. Nakumbuka nilivyoshangaa miguu yangu ikikauka juu ya vigae, vyeupe, vinang'aa, bado vina vumbi la fundi. Mimi nilikuwa nimesahau sakafu kavu ikoje. Mama alipima kwa hatua mahali pa kitanda, akakunjua mkeka, na Bi Aziza akauona ule mtaimbo. Alisema tu, "Piga hapa, karibu na ukuta. Kitanda kitakaa vizuri."

Mama alipiga la kwanza. Kigae kilipasuka kwa mlio ambao nadhani ulisikika mpaka Mbaraki. Akapiga tena, akapiga tena, nywele zimetoka kwenye leso, na kila pigo akitoa sauti kifuani ambayo haikuwa kilio. Alipochoka alinipa mimi. Nilipiga kwa ajili ya sahani ile ya biriani, na kwa dirisha lililozibwa, na kwa mkeka uliokuwa ukipumua. Nilitegemea zege nene. Wapi! Chini ya vigae vile vya kujionyesha palikuwa na saruji nyembamba kama chapati, imechanganywa na mchanga wa wizi, ikavunjika vipande vya kuokota kwa mkono. Chini yake kifusi, na kifusi kilikuwa kikavu.

Nje kukazuka vurugu. Mtu alipiga mlango kwa ngumi.

"Enyi wanawake! Mwafanya nini humo?" Ilikuwa sauti ya Mjomba Sefu.

"Twaosha maiti!" alijibu Bi Aziza.

"Hizo ni kelele gani? Mwenyewe duka yuko hapa, auliza! Fungueni!"

Bi Aziza alisogea mpaka mdomo wake ukagusa bati. "Mamako yu kitandani, Sefu. Mwanamume anayetaka kuingia wakati mwanamke anaoshwa na aingie. Nataka nimuone sura yake. Nimuite kwa jina, mtaa wote usikie."

Ngumi zikakoma. Nilimsikia Tajiri akisema kitu kwa hasira, habari za vigae vya kutoka ng'ambo, na sauti nyingine za wanaume, nyingi, zikimnyamazisha. Hapakuwa na mtu katika kisiwa kile ambaye angethubutu kuinua mlango ule. Walikuwa wametumia adabu yetu kutunyang'anya uwanja. Basi siku hiyo adabu ilikuwa yetu. Tulichimba kwa mikono, kwa kata, kwa kifuniko cha ndoo, mpaka tukapita kifusi na Mama akatoa konzi ya udongo mwekundu wenye vipande vya jiwe la matumbawe. Akaunusa. Ulikuwa ni uwanja, uko palepale. Hawakuwa wameupeleka popote.

Tuliweka kitanda juu ya shimo, tukamlaza Nyanya, na Bi Aziza akaanza kwa jina la Mungu. Nilimshika Nyanya kichwa. Mama alimimina. Maji yenye mkunazi yalipita begani, yakapita mkononi, yakachuruzika kupitia kamba na kushuka gizani, na sisi watatu, bila kuambiana, tukainama tuyasikilize. Tulitegemea yajae. Maji yote tuliyoyajua mwaka ule yalikuwa ya kujaa na kukaa. Lakini yalizama. Kata ya pili ikazama, na ya tatu, na ndoo nzima, kwa mnong'ono mdogo. Ardhi ile ilikuwa ikiyavuta kama mtu aliyetoka saumu.

"Wanywa," alisema Mama. "Tazameni. Uwanja bado wanywa."

Kisha akalia, na kilio chake kilikuwa ni hasira tupu, na mimi pia. Kwa kuwa hapo ndipo nilipoelewa tulichofanyiwa. Nje ya bati lile watu walikuwa wamesimama ndani ya mavi mpaka magotini, majumba yanapukutika chokaa, wazee wanakohoa ghorofani, na chini ya vigae vya Tajiri, hatua chache kutoka mlangoni kwetu, kulikuwa na ardhi kavu, yenye kiu, ambayo ingeyanywa maji yetu kama ilivyoyanywa siku zote. Ilikuwa imefunikwa tu. Nyanya hakuuawa na mvua. Wakija wenye suti na kuniambia mvua, ninawasikiliza kwa heshima, kisha nakumbuka mnong'ono ule.

Tulipomaliza tulifukia shimo, tukapanga vipande vya vigae juu yake, na Bi Aziza akainua mlango. Wanaume walikuwa wamesimama na vichwa vimeinama. Mjomba Sefu alimtazama Mama, akatazama sakafu, akatazama nje. Vigae vilitengenezwa, lakini aina ile haikupatikana tena, wakaweka kimoja cha kijivu. Mtaro mpya haukujengwa. Viwanja vingine viwili vya mtaa vilikwenda njia hiyo hiyo, kila kimoja na biriani yake.

Na Jumatano hii nimefika mtaani kwa tuktuk iliyokatalia njiani, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Bakari alikuwa ananingoja mlangoni na wenzake, jeneza liko tayari kwao. Nilifungua chumba cha ndani mwenyewe. Nikainua mkeka. Mchanga ulikuwa unachemka, kama mwaka ule, kama kila mwaka tangu mwaka ule, na maji yakaanza kutambaa kuelekea vidole vyetu. Bakari akarudi nyuma hatua moja. Ni kijana mwema, hakuwa amezaliwa wakati wa maulidi yale.

"Baba alikuwa na hamu ya mahali hapa, dada," alisema. "Mwaka mzima alikuwa akipataja. Sasa tufanye nini?"

Niliunyosha mkono nyuma ya mlango, nikautoa mtaimbo, nikampa. "Duka la kona," nikamwambia. "Siku hizi wauza mapazia. Karibu na ukuta kuna kigae cha kijivu. Vunja hapo, chimba mpaka uone udongo mwekundu. Mzee ataoshwa juu ya ardhi yake na maji yatazama. Fungeni mlango, hataingia mtu."

Alidhani natania. Kisha akaniona uso. Aliupima ule mtaimbo mikononi, akatazama ng'ambo, kwenye ngazi kavu na mapazia ya kumetameta, na nikaona jinsi anavyofikiria mwenye duka, na wazee, na maneno ya watu. Akauegemeza ukutani, taratibu, kwa adabu. "Tutampeleka msikitini, dada," alisema. "Wana bomba." Wakaondoka wakiinua kanzu zao juu ya maji.

Niliupangusa mtaimbo kwa ncha ya leso, nikaurudisha nyuma ya mlango. Jioni niliwapigia binti zangu simu, mmoja baada ya mwingine, nikawaeleza ulipo, na rangi ya kigae.